Nilivyotolewa Matiti Nikiwa Mwanamume Mzima

Daktari aliyenitibu hakuanza na kifua. Nilikuwa nimejipanga kumweleza habari za matiti yangu tangu nikiwa shule ya msingi, maneno nimeyafanyia mazoezi ndani ya basi kutoka Tanga, na yeye baada ya kunisikiliza kidogo akasema, "Haya, mdogo wangu, shusha suruali tuangalie korodani." Nikamtazama nikidhani kachukua faili la mtu mwingine. Alizipapasa moja baada ya nyingine kwa vidole viwili, akauliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi, akafunua kope atazame weupe wa macho, akageuza viganja vyangu, akashika koo na kuniambia nimeze mate. Ndipo akasema nilale chali tuje kwenye lililonileta.

Nimeanzia hapo makusudi. Tangu habari yangu ivuje mtaani vijana hunitafuta pembeni, wengine usiku, wengine kwa simu huku wamejifungia chooni. Swali lao la kwanza ni bei. La pili ni kama inauma. La tatu ni kovu. Kwa nini matiti yameota, hilo haliulizwi, na kwangu mimi ndilo swali lenyewe, maana kisu hutoa titi tu. Kilicholiotesha, kama bado kipo, kinabaki mwilini kikiendelea na kazi yake.

Dokta alinieleza huku akichora nyuma ya karatasi ya dawa. Mwanamume yeyote ana estrojeni kidogo mwilini, na mwanamke ana testosteroni kidogo. Estrojeni huikuza tezi ya titi, testosteroni huizuia. Ya kwanza ikizidi au ya pili ikipungua, tezi huanza kujijenga nyuma ya chuchu. Kitaalamu wanaita ginekomastia. Korodani ikiwa na uvimbe inaweza kumwaga homoni za kuvuruga hesabu hiyo, na wapo wanaume ambao uvimbe wao uligunduliwa kwa sababu tu walikwenda kulalamikia chuchu. Korodani zikiwa ndogo sana na ngumu, huenda mtu kazaliwa na kromosomu X ya ziada, hali iitwayo Klinefelter, ambayo wengi hukaa nayo bila kujua hadi watafute mtoto wakose. Ini likiharibika, kwa pombe au kwa homa ya ini, hesabu ya homoni nayo inaharibika. Ndiyo sababu ya kutazamwa macho na viganja. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, matiti yanaweza kuota. Figo zikishindwa, hivyohivyo.

Kisha akaja kwenye dawa, na hapo alikaa muda mrefu kuliko mahali pengine. Alitaka kujua nilichowahi kumeza, cha hospitali, cha duka la dawa na cha kupewa na rafiki. Spironolaktoni, ambayo watu wa moyo na ini hupewa kupunguza maji mwilini, inajulikana sana kwa jambo hili. Simetidini ya vidonda vya tumbo imo. Ketokonazoli ya kumeza, ya fangasi, imo. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zimo. Aliniuliza pia, bila kushusha sauti wala kuipandisha, kama natumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, kwa sababu efavirenzi, iliyomezwa na watu wengi Afrika Mashariki kwa miaka mingi, iliwaotesha wanaume wengi matiti. Siku hizi wengi wamehamishiwa kwenye dolutegraviri. Na kama unazitumia dawa hizo, usije ukaziacha kwa ajili ya kifua. Unakwenda kwa aliyekuandikia akubadilishie. Mwisho akauliza kuhusu jimu. Sindano za kujaza misuli ni testosteroni au ndugu zake, na mwili ukiona imezidi huigeuza sehemu yake kuwa estrojeni. Kijana anajidunga apate kifua cha kiume, anapata cha kike. Hilo nimeliona kwa macho yangu kwa jamaa tuliyekuwa tukinyanyua naye vyuma.

Mimi sikuwa na lolote katika hayo. Yangu yalianza nikiwa na miaka kumi na mitatu hivi. Kulitokea kitu kigumu cha mviringo nyuma ya chuchu ya kushoto, kinauma hata shati likigusa, kisha na cha kulia kikafuata. Nilimwambia mama kwa sababu niliogopa ni jipu. Akabonyeza, nikaruka. "Ni ubalehe tu huo, baba. Yatapotea." Mama hakusoma udaktari lakini alisema lile ambalo daktari yeyote angesema. Wavulana wengi sana wakibalehe hupata uvimbe huo, na kwa walio wengi hunywea wenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Hata vichanga huzaliwa na vijititi kwa homoni za mama, na wazee wa miaka ya hamsini kwenda mbele huvipata tena testosteroni ikishuka. Kwa hiyo mwanamume ana vipindi vitatu vya kuota matiti bila ugonjwa wowote, na kipindi cha pili ndicho kilichoniganda.

Wenzangu shuleni walikuwa na maelezo yao. Kwetu wasichana wadogo huenda mtoni kukamata wale wadudu weusi wanaozungukazunguka juu ya maji, wakawaweka kwenye chuchu wawang'ate ili matiti yaote haraka. Basi ikasemwa nimekwenda kujing'atisha. Wakaniita Dodo. Jina lilinifuata hadi sekondari, na mpaka leo yuko fundi seremala pale Ngamiani ambaye akiniona huniita hivyo bila kukumbuka lilikotoka.

Aliyewahi kukaa na hali hii anajua kwamba maisha hupangwa kwa kufuata nguo. Mpira wa mchangani hauna jezi: timu moja inabaki na fulana, nyingine inavua. Nilijifunza kuomba timu ya fulana kabla ya kugawana, na nikikosa, ghafla nilikuwa naumwa kifundo cha mguu. Baharini Raskazone niliingia na shati nikisema naogopa jua, mimi mweusi huyu. Ijumaa ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote, kwa kuwa kanzu haibani wala haisemi, na ndani yake unaweza kuvaa singlendi mbili bila mtu kujua. Kuchimba kaburi ndiko kulikonishinda. Wanaume wanavua mashati, wanapokezana jembe, na wewe umesimama juu ya udongo umelowa jasho na shati lako limekugandia. Hapo huwezi kusema unaumwa mguu. Siku tuliyomzika babu mzaa mama nilishuka kaburini nimevaa koti la mvua, na ilikuwa kiangazi.

Kufikia miaka ishirini na kitu nilikuwa nimeshapita njia zote wanazopita wenzangu wanaonipigia simu. Bandeji ya kufunga mguu nilijizungushia kifuani hadi ngozi ya chini ya kwapa ikachubuka. Kuna krimu za kukausha matiti zinazouzwa kwa simu, anayekuuzia hajawahi kukuona, na zote zilinukia karafuu. Niliacha kuku wa kisasa kwa mwaka mzima kwa kuambiwa wanadungwa homoni. Baadaye nilielewa kwamba kuku wale hukua upesi kwa mbegu yao na kwa chakula wanacholishwa. Hawadungwi homoni, na hata mfugaji angetaka, kumdunga kila kuku bandani ni gharama isiyolipa. Kuku wa watu nikamrudia. Pushapu nilipiga kila alfajiri. Misuli ya kifua ilijaa kweli, lakini misuli iko nyuma ya titi, kwa hiyo ikijaa inalisukuma titi mbele. Nikapunguza uzito. Uso ukasinyaa, mkanda ukaongezewa matundu, shemeji zangu wakaanza kuuliza kwa adabu kama nimepima afya, na matiti yakabaki palepale.

Hilo la mwisho, dokta alisema, lilikuwa jibu tosha hata bila mashine. Kuna titi la mafuta na kuna titi la tezi. Mwanamume mnene anaweza kuwa na kifua kinachoning'inia ambacho ndani ni mafuta matupu, na huyo akipungua kifua nacho hupungua. Tezi haijui habari ya kupungua. Alinifundisha kuipima: unalala chali, unaweka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, unavileta taratibu kuelekea chuchu. Vikikutana bila kizuizi, ni mafuta. Vikigota kwenye kitu kigumu kinachoteleza chini ya chuchu, hiyo ni tezi. Wengi wana vyote viwili, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Aliniambia pia jambo lililoniuma kidogo, kwamba tezi ikiwa changa, bado ina maumivu, kuna dawa inayoweza kuipunguza, tamoksifeni, ileile ya saratani ya matiti, inayomezwa kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa daktari. Ikishapita mwaka hivi tezi inageuka nyuzinyuzi ngumu na dawa haina la kufanya. Yangu ilikuwa na zaidi ya miaka kumi na mitano. Ilibaki kisu.

Lakini siku ile hakupanga tarehe. Alinipa karatasi ya vipimo: damu ya kupima testosteroni, estrojeni na homoni za ubongo zinazoamrisha korodani, prolaktini ambayo ni homoni ya maziwa, tezi ya shingo, ini, figo, na homoni ya mimba. Mhudumu wa maabara alipofika hapo kwenye homoni ya mimba alinitazama mara mbili. Ni kwa sababu baadhi ya uvimbe wa korodani huitoa. Kisha ultrasaundi ya matiti na ya korodani. Nilirudi kijiweni nikiwa nimekasirika. Nilikuwa nimekuja nikitegemea kukatwa, nikarudi na karatasi ya vipimo. Leo nikiulizwa daktari gani ni mzuri, nasema yule anayekuchelewesha. Anayekutazama dakika tano na kukupa bei, huyo mkimbie.

Benchi la kusubiri ultrasaundi lilikuwa la akina mama, wajawazito na wasio wajawazito, na sisi wanaume wawili. Mwenzangu alikuwa mzee wa makamo, mkimya, mkono ameukunja kifuani. Tulisalimiana, nikampa shikamoo, na kwa kuwa hakuna mwanamume anayekaa benchi lile bila sababu, akanionyesha. Upande mmoja tu, uvimbe kando ya chuchu, mgumu, hauumi. Chuchu ilikuwa imevutwa ndani na alikuwa ameweka pamba kwa sababu ilikuwa inatoa damu kidogo. Alikaa nayo nyumbani kwa muda mrefu akidhani saratani ya matiti ni ya wanawake tu. Kati ya saratani za matiti mia moja, moja hivi ni ya mwanamume. Ni chache, ila ipo, na mara nyingi huja kwa sura ileile ya mzee yule. Tezi yangu mimi ilikuwa pande zote mbili, katikati kabisa nyuma ya chuchu, inateleza ukiisukuma. Yule mzee aliingizwa kabla yetu sote ili atolewe kinyama cha kupima. Sikumwona tena.

Majibu yangu yalitoka safi yote. Hakuna sababu iliyopatikana zaidi ya ubalehe uliosahau kuondoka, na kwa wengi ndivyo inavyokuwa. Dokta akasema kwa vipimo vya Simon, daktari aliyeyagawa matiti haya katika ngazi mwaka 1973, mimi ni ngazi ya pili upande usio na ngozi ya ziada. Maana yake: ukubwa wa wastani, ngozi bado inavutika, hakuna haja ya kukata ngozi, kwa hiyo kovu litakuwa dogo. Wenye ngazi ya tatu, ngozi imelegea na kushuka, hao hukatwa na ngozi na wakati mwingine chuchu huhamishwa, na makovu yao ni marefu.

Bima ililipia vipimo, ikakataa upasuaji. Urembo, wakasema. Sina ugomvi mkubwa na neno hilo. Wapo wanaotaka kifua cha kupigia picha, na sioni kwa nini mkulima wa Handeni awachangie. Ila mvulana anayeacha shule kwa sababu ya siku ya michezo hatafuti urembo. Mpaka lini watu wa bima watajua kutofautisha, mimi sijui. Tuliuza kiwanja kidogo. Mke wangu aliniambia, "Kama unafanya kwa ajili yangu, hizo hela tuezekee nyumba. Kama ni kwa ajili yako, nenda." Nikaenda. Kazini nilimwambia bosi nafanyiwa upasuaji wa uvimbe, na haukuwa uongo.

Kikwazo kikubwa kilikuwa baba mdogo. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo baada ya baba kufariki, na alisema ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Sikutaka kwenda nikiwa na kinyongo chake, nikatafuta cha kumwambia. Kumbe upasuaji huu ni wa kale. Paulo wa Aegina, mganga wa Kigiriki wa karne ya 7, aliandika namna ya kukata mkato wa umbo la mwezi mwandamo chini ya titi la mwanamume, kutoa mafuta na kushona. Na likiwa limening'inia, kukata mikato miwili ya umbo hilo inayokutana ncha na kutoa ngozi ya katikati. Karne kama tatu baadaye Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia karibu na Cordoba, naye akaueleza upasuaji huo katika kitabu chake cha tiba chenye sehemu 30. Nilipofika kwa al-Zahrawi baba mdogo alinyoosha mgongo. Akauliza mwaka aliofariki. Nikamwambia yapata 1013. Akanyamaza, akanywa kahawa, akasema, "Basi mwambie huyo dokta wako aanze na Bismillahi." Dokta wangu ni Mkristo wa Kilimanjaro. Nilimfikishia salamu, akasema haina shida, ataanza na zote mbili.

Siku yenyewe nitaieleza upesi kwa sababu nililala. Sikula wala kunywa kuanzia usiku wa manane. Asubuhi dokta alinichora kifua kwa kalamu ya wino nikiwa nimesimama. Ukishalala, mafuta husambaa pembeni na mipaka hupotea. Alinisomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, na hapo ndipo aliposema mambo ambayo vijana wanaonipigia hawapendi kusikia. Damu inaweza kuvilia ndani, na hilo ndilo tatizo linalotokea zaidi. Maji yanaweza kujaa. Chuchu inaweza kupoteza hisia. Pande mbili huenda zisilingane. Akanigusa sikio akauliza nani nyumbani ana kovu la kuvimba, nikamwambia mama, alipotobolewa masikio yaliota nyama mpaka leo. Akaandika hilo kwa herufi kubwa. Sisi watu weusi tuna makovu ya namna hiyo kuliko wengine, na mtu asiyeulizwa habari hiyo kabla ya kukatwa hajaulizwa la maana.

Nikapewa nusu kaputi. Wakiwa kazini, wanajaza kwanza maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, ili damu isitoke nyingi. Mafuta yananyonywa kwa mrija mwembamba. Tezi hainyonyeki, kwa hiyo inakatwa kupitia nusu duara ya chini, kwenye mpaka wa ngozi nyeusi ya chuchu na ngozi ya kawaida, mahali ambapo kovu hujificha. Njia hiyo ilienezwa na Webster, daktari wa New York, alipoiandika mwaka 1946. Fundi wa kazi hii haondoi tezi yote. Anaacha kipande chembamba chini ya chuchu, la sivyo chuchu inazama na unabaki na shimo kifuani, na shimo ni gumu kulirekebisha kuliko titi. Nilipozinduka niliomba kuona walichotoa kabla hakijapelekwa maabara. Sista aliniletea kwenye kopo: vipande viwili vyeupe, vigumu, vya kutafuna meno yakauma, kama pweza aliyechemshwa bila papai. Vitu hivyo ndivyo vilivyonivisha koti la mvua kiangazi.

Maumivu hayakuwa ya kutisha. Kifua kilikuwa kizito na kimekazwa, nikikohoa nilijishika. Mirija miwili ya kutoa maji ilitoka ubavuni, ikaondolewa baada ya muda mfupi. Shida yangu ilikuwa fulana ya kubana. Ni nguo ya mpira yenye zipu, unaivaa usiku na mchana kwa wiki nne hadi sita, unaivua kuoga tu. Ulaya labda ni jambo dogo. Mimi nilikatwa Februari na nikauguzwa kwa shangazi Dar es Salaam, nyumba ya bati, umeme unakatika. Harara zilinitoka toka shingoni hadi kitovuni. Shangazi alinipepea kwa ungo huku akiniuliza kwa nini sikusubiri masika, na sikuwa na jibu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa, kabla ya mambo ya homoni na ngazi, ni huu: kama uko pwani, katwa mwezi wa sita au wa saba. Nunua fulana mbili, moja ikiwa mwilini nyingine ikiwa kambani. Weka kitambaa chepesi cha pamba ndani yake chini ya kwapa.

Kulala ni chali, kichwa juu ya mito miwili. Kuswali niliswali kwenye kiti kwa siku za mwanzo, maana kusujudu kunataka mikono ibebe kifua. Upande wa kushoto ulijaa maji baada ya mrija kutolewa; dokta aliyavuta kwa bomba la sindano, yakarudi kidogo, akayavuta tena, yakaisha. Kazi ya mezani ningeweza kuirudia baada ya wiki moja hivi. Yangu ni ya kupandisha mizigo stoo, kwa hiyo nilikaa zaidi ya mwezi, na hizo siku bila mshahara nazo ni sehemu ya bei ambayo hospitali haikuandikii.

Sasa jambo ambalo sikutarajia. Fulana ilipovuliwa mara ya kwanza mbele ya kioo, niliona matiti. Yamevimba, yana rangi ya zambarau na kijani, la kushoto limezidi la kulia. Nililia, sioni haya kusema. Mke wangu alimpigia dokta akiwa amekasirika kwa niaba yangu, dokta akamwambia tuhesabu miezi mitatu hadi sita ndipo tuanze kulaumu. Uvimbe ulishuka polepole kiasi kwamba sikuona siku uliyoondoka. Chuchu zilikaa na ganzi muda mrefu, ya kulia ikarudi yote, ya kushoto ina sehemu ndogo ambayo mpaka leo ukiigusa ni kama ya mtu mwingine. Kovu la kushoto lilianza kuinuka na kuwasha, na kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, nilidungwa sindano za triamsinoloni mapema, likalala. Majibu ya maabara yalikuja: tezi tupu, hakuna saratani.

Mabega ndiyo yaliyonisumbua mwisho. Mtu aliyekwenda ameinama miaka kumi na tano haachi kwa kukatwa. Nilikuwa nikipita mbele ya duka lenye kioo namwona mtu mwenye kifua bapa aliyejikunja akificha kifua bapa. Hapo hakuna dawa. Mke wangu hunigonga mgongoni tukitembea.

Majuzi dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Muheza. Mwanawe wa kiume wa miaka kumi na nne ameota, anataka nimpeleke kwa dokta wangu akatwe kabla hajaitwa majina. Nikamwambia huyo hakatwi. Akasema, "Wewe umekatwa, mwanangu unamnyima?" Nilikwenda Jumapili, nikakaa na mpwa wangu nyuma ya nyumba, akanionyesha. Ni kile kitu kigumu cha mviringo, kina miezi michache, kinauma. Nikamfundisha kukipima kwa vidole, kisha nikamkataza kukiminyaminya kila siku kwa sababu kuminywa nako kunakichokoza. Akauliza, "Mjomba, kisipoondoka?" Nikamwambia tutajua akifika miaka kumi na sita, na kama kitakua haraka au upande mmoja utabadilika, hatusubiri hata wiki. Dokta, nilipompigia, alisema vivyo hivyo, akaongeza kwamba apimwe korodani sasa, si baadaye.

Kwa mwalimu wake wa michezo nilikwenda mwenyewe. Sikutaja matiti. Nilimpelekea jezi seti mbili, za bluu na za njano, za mtumba lakini zinafanana, nikamwambia ni mchango wa mzazi. Nauli ya kwenda hospitali ya mkoa kupimwa nimemwambia dada nitaitoa mimi.